Uigaji wa misukosuko ya leza na plazma

Uigaji wa misukosuko ya leza na plazma ni kazi ya kukokotoa kwa kompyuta mambo yanayotokea mwanga mkali wa leza unapopita katika plazma (pia: utegili), yaani gesi ya moto sana ambayo elektroni zake zimeachana na viini vya atomu. Kazi hiyo ni sehemu muhimu ya utafiti wa myeyungano wa kinyuklia kwa njia ya leza, ambamo punje ndogo ya fueli hubanwa ghafla hadi viini vya atomu zake viungane na kutoa nishati.

Utafiti huo ulijulikana duniani kote baada ya jaribio la 5 Desemba 2022 huko Livermore, California (Marekani). Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, fueli ilitoa nishati nyingi kuliko ile iliyoletwa na leza. Vyombo vingi vya habari viliandika kwamba nishati safi isiyokwisha imekaribia. Jaribio lilifaulu kweli, lakini historia yake inaonyesha jambo lingine pia: kwa miaka mingi kompyuta kubwa za wakati huo zilishindwa kutabiri vizuri tabia ya plazma, na hadi leo hakuna kompyuta inayoweza kuikokotoa yote kwa ukamilifu. Kupima ahadi za umeme wa myeyungano kunahitaji kuelewa jambo hilo kwanza.

Namna leza inavyobana fueli

Jua hupata nishati yake kwa myeyungano: viini vya hidrojeni huungana kuwa heli. Duniani watafiti hutumia aina mbili za hidrojeni, deuteri na triti, kwa sababu huungana kwa urahisi zaidi. Kiini cha deuteri kikiungana na kiini cha triti hutokea kiini cha heli pamoja na nyutroni moja yenye kasi kubwa. Viini vyote vina chaji chanya na husukumana, hivyo huhitaji joto la makumi ya mamilioni ya digrii ili vikaribiane vya kutosha.

Kuna njia kuu mbili za kufika huko. Ya kwanza ni kushika plazma kwa sumaku, kama inavyokusudiwa katika mtambo wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa. Ya pili ni kubana fueli haraka sana, kiasi kwamba myeyungano unatokea kabla fueli haijapata nafasi ya kutawanyika. Makala hii inahusu njia ya pili.

Mtambo mkubwa wa njia hiyo ni National Ignition Facility, kwa kifupi NIF, katika maabara ya taifa ya Lawrence Livermore. Ujenzi wake ulikamilika mwaka 2009 kwa gharama ya takriban dola bilioni 3.5. Una miali 192 ya leza. Miali hiyo haipigi fueli moja kwa moja, bali huingia kupitia matundu mawili ya kopo dogo la dhahabu lenye urefu wa takriban sentimita 1. Ikipiga kuta za ndani, dhahabu hupata moto na kutoa eksirei, mionzi ya aina ileile inayotumika kupiga picha za mifupa katika hospitali kama ile ya Kitete mjini Tabora. Katikati ya kopo kuna kidonge cha mviringo chenye kipenyo cha takriban milimita 2. Eksirei huunguza ganda la kidonge, ganda hulipuka kuelekea nje, na fueli iliyo ndani husukumwa kuelekea katikati kama roketi inavyosukumwa na moto wake.

Msukumo huo lazima uwe sawa pande zote. Mtu akibana puto kwa mikono, hewa hutokeza kati ya vidole. Fueli nayo hutokeza pale ambapo msukumo umepungua, na joto linalotakiwa halifikiwi. Kwa hiyo mwanga wa kila mwali unapaswa kufika mahali pake, kwa wakati wake na kwa kiasi kilichopangwa. Misukosuko ya plazma huvuruga mambo hayo matatu.

Misukosuko ni nini

Mara leza inapowaka, kopo halibaki tupu. Gesi iliyomo pamoja na dhahabu inayobanduka kutoka kuta hugeuka plazma, na miali inayofuata inalazimika kupita humo. Mwanga ni wimbi, na plazma nayo ina mawimbi yake. Masafa ya mawimbi hayo yakilingana kwa namna fulani, wimbi moja hulilisha lingine. Ni kama kusukuma bembea: msukumo mdogo unaorudiwa kwa wakati unaofaa hufanya bembea ipande juu zaidi kila mara. Wimbi dogo la plazma linaweza kukua hivyo kwa muda mfupi sana na kula sehemu ya nishati ya leza.

Misukosuko inayochunguzwa zaidi ni hii:

* Mtawanyiko wa Raman, uliopewa jina la mwanafizikia wa Uhindi C. V. Raman aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwali wa leza hugawanyika kuwa mwanga wa masafa madogo zaidi, ambao mara nyingi hurudi nyuma, na wimbi la elektroni. Wimbi hilo hurusha baadhi ya elektroni kwa kasi kubwa. Elektroni hizo hufika kwenye fueli mapema na kuipasha moto kabla haijabanwa, na fueli yenye moto ni vigumu kuibana.
* Mtawanyiko wa Brillouin, wenye jina la Mfaransa Léon Brillouin. Mwanga hupiga mawimbi ya ioni yanayofanana na sauti na kurudishwa ulikotoka. Ukirudi kwa wingi unaweza kuharibu vioo vya leza yenyewe.
* Kuhamishiana nishati kwa miali. Miali miwili inapokatizana katika plazma, mmoja unaweza kuchukua nishati ya mwingine. Kwa jumla nishati haipotei, lakini inapiga mahali pasipopangwa.
* Kujikusanya kwa mwanga. Sehemu angavu ya mwali husukuma plazma pembeni, na pengo linalobaki hukusanya mwanga zaidi, hadi mwali unapasuka kuwa nyuzi nyingi.

Msomaji anayejua historia ya magharibi mwa Tanzania anaweza kulinganisha safari ya mwanga na safari za misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora. Misafara ilitozwa hongo na watawala wa njiani, hasa Ugogo, kabla ya kufika Unyanyembe. Kiongozi wa msafara hakuweza kupanga biashara yake kwa kuhesabu mizigo iliyotoka pwani tu. Alipaswa kukadiria hongo itakayolipwa njiani. Mwanga wa leza nao hutozwa njiani, na kazi ya uigaji ni kukadiria kiasi hicho kabla ya safari.

Dawa ya kwanza iliyogunduliwa ilikuwa kubadilisha rangi ya mwanga. Leza ya Shiva, iliyoanza kazi Livermore mwaka 1977 ikiwa na miali 20, ilitumia mwanga wa infraredi. Ilizalisha elektroni nyingi za kasi, na fueli haikubanwa kama ilivyotarajiwa. Leza iliyofuata, Nova ya mwaka 1984, iliweza kugeuza mwanga wake kuwa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 351. Mwanga wa mawimbi mafupi hupenya plazma nzito zaidi, hufyonzwa vizuri zaidi na huchochea misukosuko kidogo. NIF nayo hutumia mwanga huo wa nanomita 351.

Ukubwa wa hesabu

Ugumu wa uigaji unaonekana kwa hesabu ya kawaida. Kopo la sentimita 1 lina urefu wa mawimbi zaidi ya 28,000 ya nanomita 351. Ili kufuata wimbi moja vizuri, kompyuta inahitaji kuligawa katika vijisanduku takriban 20. Basi urefu wa kopo unahitaji vijisanduku karibu 570,000. Upana wa takriban milimita 6 unahitaji karibu 340,000, na kina vilevile. Kwa jumla ni vijisanduku zaidi ya 6 × 10¹⁶. Kila kijisanduku kikipewa chembe 100 za kuwakilisha elektroni na ioni, chembe zote huzidi 6 × 10¹⁸.

Muda nao ni tatizo. Wimbi moja la mwanga huo hudumu femtosekunde 1.2 hivi, ilhali mdundo wa leza huchukua nanosekunde kadhaa. Mdundo wa nanosekunde 8 ni sawa na mawimbi karibu milioni 7, na kila wimbi huhitaji hatua nyingi za hesabu. Kompyuta kuu ya El Capitan, iliyoko Livermore pia, ilitangazwa Novemba 2024 kuwa yenye kasi kuliko zote duniani, ikifanya zaidi ya hesabu 1.7 × 10¹⁸ kwa sekunde. Tukichukua hatua 40 kwa wimbi na hesabu 200 kwa kila chembe katika kila hatua, kompyuta hiyo ingehitaji zaidi ya miaka 6,000 kumaliza jaribio moja, hata kama kumbukumbu yake ingetosha kubeba chembe zote. Haitoshi.

Kwa sababu hiyo watafiti huigawa kazi katika ngazi tatu. Ngazi ya juu ni ya programu kama LASNEX na HYDRA, zinazoiga kopo lote lakini huichukulia plazma kama kimiminika na mwanga kama mistari. Misukosuko huingizwa humo kwa kanuni za makadirio. Ngazi ya kati ni ya programu kama pF3D, inayofuata mwanga kama wimbi katika sehemu kubwa ya njia ya mwali, lakini haifuati kila chembe. Ngazi ya chini ni ya programu kama OSIRIS, VPIC na EPOCH. Hizo hufuata chembe nyingi na nguvu za umeme na sumaku kati yao, lakini katika eneo dogo na kwa muda mfupi. Mwaka 2008 VPIC ilitumiwa katika kompyuta kuu ya Roadrunner ya Los Alamos kufuata chembe trilioni moja, na hata hizo ziliwakilisha kipande kidogo tu cha mwali.

Hatari iko katika kuunganisha ngazi hizo. Kanuni ya makadirio iliyopatikana katika eneo dogo hupandishwa ngazi ya juu, na kosa dogo lililomo hupanda pamoja nayo.

Utabiri ulioshindwa, 2009–2012

Mwaka 1972 John Nuckolls na wenzake wa Livermore walichapisha katika jarida la Nature makadirio yaliyoonyesha kwamba leza ya kilojuli chache ingeweza kutosha kuanza kupata nishati ya maana. NIF iliyojengwa baadaye ina takriban kilojuli 2,000. Tofauti hiyo ilitokana na mambo mengi, misukosuko ya plazma ikiwa mojawapo.

Hata kwa leza hiyo kubwa, kampeni ya kwanza iliyoendeshwa hadi Septemba 2012 ilimalizika bila kufikia lengo. Programu za kompyuta zilikuwa zimeonyesha kwamba fueli itawaka. Katika majaribio, sehemu kubwa ya mwanga wa miali ya ndani ilirudishwa na mtawanyiko wa Raman. Ili kurekebisha umbo la fueli, watafiti walitumia makusudi hali ya miali kuhamishiana nishati, wakibadilisha kidogo rangi ya baadhi yao. Kuta za dhahabu nazo zilitoa msukumo pungufu kuliko ulivyokokotolewa, na ili hesabu zilingane na vipimo ilibidi nishati ya leza ipunguzwe ndani ya programu kwa kizidisho kilichochaguliwa baada ya jaribio.

Kizidisho cha namna hiyo hueleza yaliyopita, lakini hakina uwezo mkubwa wa kutabiri yajayo, kwani jaribio la aina mpya linaweza kuhitaji kizidisho kingine. Misukosuko haikuwa sababu pekee ya kushindwa. Fueli yenyewe pia ilichanganyika na ganda ilipobanwa. Hata hivyo, kwa kuwa msukumo halisi haukujulikana vizuri, ilikuwa vigumu kutenganisha sababu moja na nyingine.

Mafanikio tangu 2021

Badala ya kusubiri kompyuta iwezayo kukokotoa misukosuko yote, watafiti walibadilisha jaribio ili misukosuko ipungue. Gesi ya heli ndani ya kopo ilipunguzwa sana. Ganda la kidonge lilitengenezwa kwa almasi, jambo lililoruhusu mdundo mfupi zaidi wa leza, hivyo plazma haikupata muda mrefu wa kujaza njia. Mwanga uliorudishwa ulipungua na utabiri ukakaribia vipimo. Baadaye hali ya miali kuhamishiana nishati ilirudishwa kwa kiasi kidogo kinachoweza kudhibitiwa.

Tarehe 8 Agosti 2021 fueli ilitoa megajuli 1.35. Majaribio yaliyojaribu kurudia matokeo hayo hayakuyafikia, ishara kwamba tofauti ndogo za kidonge zilikuwa na athari kubwa. Tarehe 5 Desemba 2022 leza ya megajuli 2.05 ilizaa megajuli 3.15. Jaribio la Februari 2024 lilitoa megajuli 5.2, na lile la 7 Aprili 2025 lilitoa megajuli 8.6.

Uigaji wenyewe ulibadilika. Mwaka 2025 watafiti wa Livermore walichapisha katika jarida la Science namna walivyounganisha maelfu ya hesabu za kompyuta na vipimo vya majaribio ya awali kwa kutumia akili bandia. Njia hiyo ilikuwa imelipa jaribio la Desemba 2022 uwezekano wa asilimia 74 wa kufaulu, kabla halijafanyika. Programu ikitoa jibu kwa kiwango cha uwezekano, inaonyesha pia mahali isipo na uhakika, tofauti na utabiri wa miaka ya 2009–2012.

Kipimo cha uniti za LUKU

Kwa msomaji wa Tanzania, kipimo rahisi ni uniti ya umeme inayonunuliwa kwa LUKU. Uniti moja ni kilowati-saa 1, sawa na megajuli 3.6. Basi nishati iliyotolewa na jaribio la Desemba 2022 haikufika uniti moja. Rekodi ya Aprili 2025 ni uniti 2.4 hivi.

Kuna hesabu nyingine ambayo mara nyingi huachwa. Leza haina ufanisi mkubwa: ili kupata mwanga wa megajuli 2, NIF huchukua takriban megajuli 300 kutoka gridi ya umeme, yaani uniti 83 hivi. Kwa hiyo neno "faida" katika habari hizo huhesabiwa kutoka mwanga unaoingia katika kopo, si kutoka umeme unaotumiwa na mtambo wote. Kwa kulinganisha, Bwawa la Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, likifanya kazi kwa nguvu zote huzalisha megajuli 8.6 kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde.

NIF pia haikujengwa kuwa kituo cha umeme. Kazi yake kuu ni kuisaidia Marekani kutunza silaha zake za nyuklia bila kuzilipua, baada ya nchi hiyo kusimamisha majaribio ya mabomu mwaka 1992. Ndiyo sababu programu kama LASNEX na HYDRA hazitolewi kwa kila mtu.

Kituo cha umeme cha leza kingehitaji kufyatua mara kama 10 kwa sekunde, na kila mara fueli itoe makumi ya mara ya nishati ya leza. Leza zenye mchanganyiko wa masafa mengi zinachunguzwa kwa ajili hiyo, hasa katika Chuo Kikuu cha Rochester, kwa sababu mwanga wa aina hiyo hausukumi "bembea" ya plazma kwa mpigo mmoja. Faida yake inakadiriwa kwa uigaji, na itathibitishwa kwa majaribio tu.

Habari mpya ya myeyungano wa leza inaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, nishati iliyotajwa inalinganishwa na mwanga wa leza au na umeme wa gridi? Je, jaribio linaweza kurudiwa, na mara ngapi kwa muda gani? Je, matokeo yalitabiriwa kabla ya jaribio, au hesabu zilirekebishwa baada yake?

Maana kwa Tanzania na Afrika Mashariki

Hakuna mtambo wa myeyungano wa leza Afrika Mashariki. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki tangu 1976, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC) husimamia matumizi ya mionzi kwa sheria ya mwaka 2003. Mipango ya nyuklia inayozungumzwa katika kanda, kama vile urani ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo na mpango wa kinu cha umeme nchini Kenya, inahusu mwatuko wa nyuklia, yaani kupasua viini vizito. Ni teknolojia tofauti, inayotumika tangu miaka ya 1950, na haipaswi kuchanganywa na myeyungano. Kuahirisha maamuzi ya leo kuhusu maji, gesi, jua au mwatuko kwa kutegemea myeyungano kungekuwa kutegemea kitu kisicho na tarehe.

Kwa upande wa elimu hali ni tofauti. Sehemu ya uigaji iko wazi kwa watu wote. Programu ya EPOCH, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Warwick nchini Uingereza, na Smilei ya Ufaransa, zinapatikana bila malipo. Uigaji wa mtawanyiko wa Raman katika mstari mmoja, bila upana wala kina, unaweza kufanyika kwa kompyuta ya kawaida, na hesabu zake za msingi ni mawimbi, mwendo wa Newton na nguvu za umeme, mada ambazo mwanafunzi wa PCM katika kidato cha tano na cha sita hukutana nazo. Katika kanda, taasisi ya EAIFR mjini Kigali hufundisha fizikia katika ngazi ya uzamili tangu 2018.

Ujuzi huo una matumizi nje ya myeyungano. Utabiri wa mvua, wa mafuriko na wa magonjwa hutegemea njia ileile: kugawa tatizo kubwa katika ngazi, kutumia makadirio pale kompyuta isipofika, kisha kulinganisha na vipimo. Mtaalamu aliyejifunza kuuliza programu yake imeacha nini ataweza pia kuuliza swali hilo nchi inapoletewa ripoti ya kompyuta kama msingi wa kukopa fedha au kujenga mtambo.